Watu wa Upinde

Mshale wa kwanza aliourusha fundi Pindo ulitoboa shati la jirani lililoanikwa kwenye kamba. Wa pili haujaonekana mpaka leo. Wa tatu ulidondoka miguuni pake, ukalala pale kama umechoka kwa niaba yake.

Shati alilishona upesi, kimyakimya, jirani asijue. Kwa sindano hakuwa na mpinzani. Taabu ni kwamba baada ya miezi mitatu alitakiwa asimame uwanjani, mbele ya umati, kuwakilisha watu wake katika mashindano ya upinde ya jamii za asili.

Mdomo ndio uliomponza. Afisa michezo alikuja dukani kupunguziwa suruali, akasikia Pindo ni wa jamii gani, macho yakamtoka.

"Kumbe! Nyinyi si ndio watu wa upinde?"

Mtu mwenye akili zake angejibu, "Walikuwa babu zetu." Pindo, na kitambi chake, na miwani yake ya kutungia uzi, alivuta pumzi akasema, "Ndugu yangu, sisi tunazaliwa nao." Kesho yake jina lake likawa limeshaandikwa.

Akamkimbilia shangazi yake, bibi mgonjwa wa magoti aliyekuwa akiishi naye chumba cha nyuma. Aliposikia, shangazi alicheka hadi akashika mbavu. Kisha kicheko kikakatika.

"Bwana shauri, yule Mzungu wa serikali, alizikusanya pinde zetu zote nikiwa mtoto," alisema. "Alituambia msitu sasa una mwenyewe, na mwenye upinde ni mwizi. Zikachomwa mbele ya ofisi yake. Baba alificha mmoja, akafungwa miezi sita. Alipotoka hakutaka hata kuutaja. Sasa nani angekufundisha?"

Pindo akaona hapo ndipo pa kuponea. "Basi niwaambie nimeumwa mgongo."

"Thubutu!" Shangazi alimshika mkono. "Nenda, mwanangu. Nataka nimwone mtu wetu mmoja akivuta upinde kabla sijafumba macho."

Baada ya maneno hayo hata mgongo wenyewe ungeona haya kuuma.

Mji mzima ulikuwa na mahali pamoja tu pa kujifunza: klabu ya zamani, nyuma ya viwanja vya tenisi. Mwalimu alikuwa mama mmoja mstaafu, mrefu, sauti ya kamanda. Ukumbini ilitundikwa picha ya babu yake, mwenye masharubu na kofia ya kazi. Pindo alisoma jina lililo chini yake mara mbili. Alikuwa bwana shauri yuleyule, ambaye jina lake shangazi hakulisahau maisha yake yote.

Miguu ikageuka mlangoni yenyewe. Akairudisha kwa nguvu.

"Bega chini," mama alimwambia Jumamosi ya kwanza. "Kitambi ndani."

"Hakiingii, mama."

"Basi tutalenga juu yake. Unatoka jamii gani?"

"Mimi ni fundi cherehani."

Mama akatabasamu kama mtu ambaye jibu la namna hiyo halikuwa geni kwake, na hakuuliza tena.

Pindo hakukosa Jumamosi hata moja. Nyumbani alisema anakwenda kupima sare za shule. Malengelenge ya vidole akayasingizia mkasi. Shangazi akampa pole na maji ya chumvi, na kila alipovichovya vidole, Pindo alijiona mwizi mara mbili: anaiba ujuzi kwa adui, anaiba huruma kwa mgonjwa wa magoti.

Siku ikafika. Jamii kumi na moja zilijipanga uwanjani, ngozi begani, shanga kifuani. Vazi la Pindo alilishona mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka lilivyokuwa. Alilitoa kwenye picha ya kitabu cha darasa la nne. Pembeni yake alisimama bingwa wa miaka mitatu mfululizo, mzee mwembamba, peku, podo la mishale limechakaa mgongoni. Ilisemekana anatoka kwenye msitu ambao hata barabara haujawahi kuiona. Karibu naye Pindo alijihisi ua la plastiki.

Hakushinda. Alitoka wa nne. Ila mshale wake wa mwisho ulikwenda ukapiga katikati kabisa, pa!

Shangazi, ambaye kwa kawaida huinuliwa na watu wawili, aliinuka peke yake na kupiga vigelegele.

"Mnaona, ndugu zangu?" mtangazaji alinguruma. "Huu haufundishwi! Huu uko damuni!"

Umati ukalipuka. Pindo alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na vazi lake la darasa la nne. Shangazi akaja, akamshika mkono, akapapasa vile vidole vilivyoota sugu.

"Baba alikuwa na vidole hivi hivi," alisema, na machozi yakamtoka.

Neno likamfika Pindo ulimini. Kumwambia shangazi hangeweza. Lakini lazima limtoke kwa mtu, na mtu wa kweli pale uwanjani alikuwa mmoja tu. Akamfuata bingwa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, mimi ni muongo. Miezi mitatu iliyopita sikujua upinde unashikwa wapi. Nimefundishwa hapa mjini, klabuni, na mjukuu wa bwana shauri aliyezichoma pinde zetu."

Mzee alimkazia macho. Kisha akatazama kushoto, akatazama kulia, akamvuta nyuma ya hema.

"Punguza sauti," alinong'ona. "Kumbe wewe ndiye wa Jumamosi. Mimi ni wa Jumanne. Hawa wengine wote ni wa Alhamisi."