Rekodi Isiyofanana na Nyingine

Sheria ni moja: mtafiti akitaka kufuta rekodi ya mgonjwa, lazima kwanza ampigie simu mgonjwa mwenyewe amwombe ruhusa. Jina halionekani, na namba inapigwa na kompyuta. Watu huwa wanakubali. Wengine hata humwombea mtafiti afaulu.

Siwema, mwanafunzi wa uzamivu wa takwimu za tiba, alikuwa amebakiza rekodi moja ya kukagua. Vipimo vya figo vilikuwa vibaya kupita kiasi. Mtu mwenye figo hizi hawezi hata kusimama, aliwaza. Bila shaka mashine ilikosea. Akabonyeza kitufe cha kupiga.

Simu ikaita jikoni, mama yake alikokuwa anasukuma chapati.

"Haloo?" Sauti ilimfikia mara mbili, sikioni na kupitia mlangoni.

Siwema alisahau maneno yote aliyozoea. "Samahani... rekodi yako haifanani na za wengine. Nilitaka kuifuta."

Kisha mama akasema taratibu, simu bado iko sikioni, "Kumbe ni wewe, Siwema? Futa tu, mwanangu. Nilitaka umalize shahada kwanza, ndipo nikuambie."

Simu ikakatika. Jikoni chapati zikaendelea kusukumwa.

Kompyuta ikaandika: Mwenye rekodi ameridhia. Ifutwe sasa?