Namba ya Kitabuni

"Ukikubali kosa lisilo lako, usirudi kwangu," dada yake, mwoka keki, alimwambia mlangoni. "Na kijiko changu kirudi."

Binti aliyeitwa Kichwa Ngumu tangu utotoni alificha vidole vyake vyekundu mfukoni, akashika njia ya chuoni.

Kosa lenyewe lilikuwa namba moja. Darasa zima lilipima namba ya msawazo, inayoonyesha kemikali zimeungana kiasi gani, ya mchanganyiko mmoja mwekundu wa chuma, likapata ileile ya kitabuni. Yeye peke yake alipata ndogo. Alieleza kwamba feni za maabara zilikuwa zimekufa, chumba kilikuwa tanuri, na joto huurudisha msawazo huo nyuma hata rangi ikapauka. Profesa akasema ameibuni. Leo ilikuwa akiri au afukuzwe.

"Sikiri ng'o," alisema mbele ya Profesa na mkuu wa kitivo. Aliweka chupa mezani. "Nimeichanganya mwenyewe asubuhi. Pimeni."

Profesa alicheka. "Mtoto ana kiburi huyu!" Akamimina kidogo kwenye kichupa cha mashine ya kupimia rangi.

"Ungeipasha moto kwanza, Profesa, tuone kama itapauka."

"Usinifundishe kazi. Nimeanza kupima haya hujazaliwa."

Kipimo cha kwanza kilikuja chini mno. "Mashine haijatulia," Profesa alisema, akakitupa. Cha pili kikaja juu. Akaona alama ya kidole kwenye kioo, akaifuta kwa leso. Cha tatu kilimpendeza. Alibonyeza kikokotoo, uso ukamkunjuka, akamgeukia mkuu wa kitivo.

"Ya kitabuni, hadi desimali ya pili! Mchanganyiko hauna tatizo. Tatizo ni mikono yake, na huo ulimi."

"Una uhakika na namba hiyo, Profesa?" mkuu aliuliza.

"Asilimia mia. Naitilia sahihi sasa hivi." Akaitilia, kalamu ikakwaruza karatasi.

Kichwa Ngumu alitoa tena mikono mfukoni. Alimsogezea mkuu wa kitivo chupa, na kijiko kando yake.

"Onja, Mkuu. Ni maji na rangi ya keki ya dada yangu."