Moshi wa Ginter

Elfryda aligonga ukuta kwa mpini wa ufagio mpaka chokaa ikadondoka.

"We Ginter! Zima hilo jiko! Unaniulia mjukuu!"

Upande wa pili mzee Ginter alikohoa. Tangu baridi ianze jirani yake alikuwa akimtukana asubuhi na jioni, naye hajajibu hata neno moja. Mwenye hatia atasema nini?

Nyumba za wachimbaji wa makaa ya mawe, karibu na mji wa Rybnik, zimejengwa mbilimbili kama mapacha: ukuta mmoja, paa moja, dohani moja. Kutoka dohani hiyo moshi mzito ulishuka uani, na Blanka, mjukuu wa Elfryda mwenye miaka sita, akawa anapumua kwa mluzi. Daktari alisema wazi kwamba mapafu yake hayatastahimili.

"Madaktari nao!" alisema Rajnhold, mume wa Elfryda. "Sisi tumekulia moshini, mbona hatujafa?"

Makaa ni ya nani, mtaa mzima ulijua. Kila mwaka mgodi huwapa wastaafu fungu lao la bure, na lori lilimwaga rundo la Ginter mbele ya mlango wake mchana kweupe. Rajnhold naye alikuwa na fungu lake, ila mkewe alimfanya alikatae siku walipofungiwa pampu ya joto, ile inayopasha nyumba kwa umeme bila moto wala majivu.

Elfryda alikuwa wa kwanza mtaani kuikubali. Kwenye duka la mikate walimcheka.

"Na huo umeme unatoka wapi, mama? Si makaa yaleyale?"

"Kesho utatoka kwenye upepo. Nyie endeleeni kunusa masizi."

"Haya, bili ikija utuambie upepo unanukaje!"

Hakuwajali. Nyumba yake ilikuwa na joto kuliko zote, na bili ni Rajnhold aliyekwenda kuzilipa, wala hakuwahi kulalamika. Asubuhi Elfryda alipokuta theluji imerundikana juu ya pampu, aliipangusa kwa upendo kama anayemfuta mtoto kamasi. Pampu ilikuwa kimya kabisa.

"Za kisasa hazina kelele," Rajnhold alimwambia, akishuka stoo ya chini kuchambua viazi vilivyooza.

Kitanda cha Blanka walikihamishia chumba cha nyuma, ambako ukuta ulikuwa na uvuguvugu mzuri. Kifua hakikupoa. Siku midomo ya mtoto ilipogeuka zambarau, Elfryda aliwapigia simu askari wa manispaa.

"Usifanye hivyo, Frydka," Rajnhold alimsihi. "Ginter ni mwenzangu wa shimoni."

"Mwenzako wa shimoni anamchimbia mtoto kaburi!"

Walikuja askari wawili. Elfryda akawatangulia hadi kwa Ginter, moyo ukimdunda kwa chuki aliyoilea majira yote ya baridi. Leo ataumbuka, alijiambia.

Ndani kulikuwa na baridi kuliko nje. Ginter alikaa na koti lake la mgodini na kofia, blanketi limefunika magoti. Askari mmoja aliweka kiganja juu ya jiko, kisha akafungua kilango chake. Buibui alikuwa ametanda humo.

"Makaa yako yako wapi, mzee?"

Ginter alitazama sakafu. "Nimempa mwenye shida kunizidi."

"Mwongo mkubwa!" Elfryda alifoka. "Moshi si huo unatoka sasa hivi?"

"Dohani hii ni ya nyumba ngapi, mama?" askari aliuliza.

"Mbili. Lakini kwangu jiko tuliliziba zamani. Njooni mjionee, mimi sina cha kuficha."

Aliwapitisha jikoni kwake, akawashusha ngazi kwa hatua za mtu mwenye haki, akausukuma mlango wa stoo.

Rajnhold alikuwa amepiga magoti mbele ya lile jiko la zamani, moto unawaka, koleo mkononi, uso mweusi tii. Hakuwatazama askari, alimtazama mkewe.

"Pampu niliizima tangu bili ya kwanza, Frydka," alisema. "Sikutaka mtoto alale na baridi."