Sikio la Mbwa wa Mbele

"Ukitoa neno moja la kilugha chako mbele ya wageni wangu, utarudi Burundi kwa miguu," bosi alimwambia Melchior kwa Kiingereza, mate yakimrukia usoni.

Melchior akaimeza hasira. Akawafunga mbwa sita wa theluji kwenye kigari cha magurudumu, maana Johannesburg theluji haipo, ni baridi kali ya Julai na nyasi zilizokauka tu. Mama mmoja mtalii akapanda na bintiye mwenye glavu nyekundu. Bosi akasimama nyuma yao kuendesha.

"Go!"

Mbwa hawakutikisika. Melchior ndiye aliyewalea tangu wakiwa vitoto, akawafunza kila kitu kwa Kiswahili, kilugha hichohicho alichokatazwa. Bosi hakuwahi kuuliza.

"Go, mbwa wajinga nyie!" Akamchapa mbwa wa mbele kwa kamba.

Wote wakafyatuka kama mshale, wakaiacha njia, wakaelekea moja kwa moja kwenye uzio wa seng'enge.

"Stop! Stop!"

Wapi! Ndiyo kwanza wakaongeza mbio. Mama akapiga ukelele. Glavu moja nyekundu ikadondoka kwenye nyasi.

"Melchior! Wasimamishe!"

Neno lenyewe lilikuwa ulimini tayari. Mbwa wa mbele alikuwa amegeuza sikio moja nyuma, akilisubiri, huku miba ya uzio ikizidi kukaribia.

Melchior akapaza sauti.

"Kwa lugha gani, bosi?"