Mwari Alivyokuja Kuhani

Neno la mwisho Mdiria, ndege mzamia samaki, kuambiwa na mkewe lilikuwa, “Unanirushia maji, bwana wee!” Jioni hiyo mke akafariki.

Mwari, ndege wa mfuko kidevuni, akaja kuhani. Majirani wengine walipoondoka, yeye alibaki. Na kwa kuwa desturi ya ziwani ni mfiwa kuwalisha waombolezaji, kila samaki aliyevuliwa na Mdiria aliishia mfukoni humo. Mdiria akakonda.

“Pole, shemeji,” alisema Mwari akimeza, ingawa marehemu hakuwahi hata kumsalimia. “Sikuachi peke yako.”

“Ahsante. Ila jihadhari na mashua ya watalii. Leo darubini zao zinamtafuta ndege mwenye majonzi kuliko wote hifadhini.”

“Wanamtambuaje?”

“Hali chochote. Na hulia hadharani.”

Mwari akaruka hadi penye mashua, akalia kutwa, mfuko mtupu. Watalii wakampiga picha. Mashua ilipoondoka, aliifuata mpaka ng’ambo akiendelea kulia.

Asubuhi yake Mdiria alivua dagaa mmoja, akatua upande wa tawi aliokuwa akikaa mkewe, akamla dagaa wake taratibu.