Keki ya Wanjohi Mdogo

Mzee Wanjohi alikuwa amesimama juu ya kiti sebuleni kwake Kilburn, London, akibandika bendera ya Marekani juu ya televisheni, na Marekani yenyewe hajawahi kuikanyaga hata siku moja. Mezani palikuwa na keki kubwa yenye maandishi ya bluu: KARIBU WANJOHI.

"Shuka, Mzee, utavunjika kiuno," alisema Elkana, rafiki yake wa kanisani, huku amekishikilia kiti.

"Nikivunjika nitatibiwa bure. Leo ni ushindi mara mbili, Elkana. Wacha nifurahi."

Ushindi wa kwanza ulikuwa wa mgombea wake, aliyechaguliwa wiki hiyo kuwa rais wa Marekani. Mzee Wanjohi alikuwa amempigia debe miezi mizima bila kutumwa wala kulipwa. Kila asubuhi baada ya chai alivaa kofia nyekundu, akaegemeza simu kwenye bakuli la sukari, akajirekodi akiwahutubia Wamarekani kwa Kiswahili. Kodi zipunguzwe! Wavivu waache kulishwa na serikali! Na hizo ndoa za wanaume kwa wanaume zifutwe zote, wenyewe warudishwe kwa mama zao wakafunzwe upya! Wamarekani hawakumsikia. Waliomsikia ni Wakenya wa London kwenye kikundi cha WhatsApp, nao walimsikia mpaka wakachoka.

Kura ya hapo hapo Kilburn, aliyokuwa na haki nayo, hakuwahi kuipiga. Alisema haina uzito.

Siku moja Maureen, muuguzi wa ghorofa ya juu, alimchokoza kwenye ngazi. "Na hii nyumba ya kansoli, ya serikali ya mtaa, unayokaa, Mzee? Na ile kadi ya kupanda basi bure? Si ni kodi zetu hizo?"

"Hiyo ni tofauti," alijibu Mzee, akaenda kujirekodi.

Lakini ushindi wa pili ndio uliomtoa machozi. Bonface, mwanawe wa pekee, aliyehamia Marekani na kupata uraia huko, alikuwa amepata mtoto wa kiume. Kwao kina Wanjohi, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na hivyo mtu hafi akaisha. Kwa miaka mingi Mzee alikuwa akiogopa kwamba jina lake litazikwa pamoja naye kwenye makaburi ya Wazungu, kwenye baridi, bila mtu wa kulibeba. Hofu hiyo hakumwambia yeyote, hata Elkana.

Maana Bonface alikuwa akizeeka bila mke, akigawana nyumba na Mzungu mmoja aitwaye Ryan tangu wamalize chuo. Hilo halikumshangaza Mzee. Yeye mwenyewe alipofika London alilala chumba kimoja na wanaume wanne ili kodi ya nyumba isiwamalize. Tena Ryan alikuwa na heshima zake. Alijua kusema "shikamoo, Baba", na ugali alisonga bila mabonge.

Halafu ghafla, mimba. Mzee alionyeshwa kwenye simu msichana mcheshi, Jennifer, tumbo limemjaa. Akamwita mke wa mwanangu kwa Kiingereza chake kizito, na Jennifer akacheka mpaka akakaa chini. Mzee akampenda papo hapo. Harusi ingefuata.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, akalazwa kwenye mashine.

"Sina kazi saa hii, Baba," Bonface alimwambia kwa simu. "Serikali ndiyo imelipa hospitali yote. Bila huo msaada tungempoteza."

"Hiyo ni tofauti," alisema Mzee.

"Na hizo video zako zinatufikia huku."

"Vizuri! Ziwafikie wote."

Bonface alibadilisha mada. Akasema mtoto ameruhusiwa kutoka, Jennifer ameshaenda kwao kupumzika, na Walter, baba yake Ryan, ameendesha gari kutoka jimbo lingine kuja kuunda kitanda cha mtoto.

"Maskini," Mzee alimwambia Elkana baadaye. "Mtu mzima anahangaikia mtoto wa wenyewe. Kwani yeye hana wajukuu?"

Sasa wageni walikuwa wamejaa sebuleni, sahani magotini. Maureen aliunganisha simu na televisheni, na chini ya bendera akatokea Bonface, mtoto mkononi. Ryan alikuwa amekaa karibu naye na chupa ya maziwa. Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee alishika kisu cha keki, machozi yakimtoka waziwazi.

"Mlete karibu nimwone Wanjohi!"

"Ngoja, Baba, usikate kwanza." Bonface alikohoa. "Ulinifundisha mwenyewe nikiwa mdogo. Mtoto wa kwanza wa kiume anachukua jina la nani?"

"La baba ya mume!" Mzee alinguruma, akawageukia wageni ili wasikie malezi aliyotoa. "Mila haina mjadala!"

"Nasi tumeifuata, Baba. Shida ni kwamba hapa waume tuko wawili, Jennifer alitubebea mimba tu." Bonface alimpakatisha Ryan mtoto, taratibu, kama mtu aliyezoea. "Ikabidi tupige kura, mimi na yeye. Hukupata hata moja. Msalimie Walter."