Zuhra Apotea Mkutanoni

Hamdani, mgombea wa udiwani, alikuwa jukwaani katika uwanja wa soko. Binadamu, aliwaambia watu, ukimwacha bila kufuli wala mlinzi ni fisi tu. Akichaguliwa, kila mtaa utajengewa ukuta na geti. Wakampigia makofi.

Alipogeuka kunywa maji, aliona kiti alichomkalisha binti yake wa miaka minne ni kitupu.

Alichungulia chini ya jukwaa na nyuma ya gari, kisha akautazama ule umati. Aliogopa kusema. Akitangaza kwamba mtoto yuko peke yake, si atakuwa amewaonyesha fisi mawindo? Lakini hakuwa na njia nyingine. Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Jamani," alisema. "Mwanangu amepotea. Anaitwa Zuhra, amevaa gauni la njano. Nisaidieni."

Vichwa vikageuka huku na huku. Halafu, kule nyuma kabisa, mwanamke mmoja akapaza sauti: "Huyu hapa, baba! Alikuwa anafukuza kuku!"

Wakamnyanyua, wakampokezana juu ya vichwa vyao, mwenyewe akicheka, mpaka akafika jukwaani. Hamdani alimkumbatia. Mkononi Zuhra alikuwa na kipande cha muhindi wa kuchoma, alichopewa na mtu njiani.

"Onja, baba," akasema, akamtia kinywani.

Hamdani akatafuna, machozi yakimtoka. Kipaza sauti hakikuwa kimezimwa, na uwanja mzima ulimsikia akitafuna. Wakacheka, kisha wakatulia, wakimsubiri aendelee na hotuba yake.